Rudia, Bi Wisal

Kanda ilitoka nyumbani kwa Fundi Tulba siku ya Jumanne, ndani ya mfuko wa mikate, na aliyeitoa ni mkewe mwenyewe.

Mzee alikuwa mkahawani akicheza domino. Nabawiya alifungua kabati la vioo, akavisogeza vikombe vya harusi ambavyo havijanywewa chai tangu viingie mle, akachomoa kanda kwenye kasha lake na kulirudisha kasha tupu pale pale. Mwanawe Rifaat alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

"Mama, fanya haraka basi."

"Haraka ya nini? Kwani naiba kwangu?" Alijitia kucheka.

"Huibi, unaazimisha. Alhamisi usiku iko hapa hapa, baba hatajua chochote."

"Na huyo Bi Wisal anaitaka ya nini? Nyimbo zake si zimejaa redioni?"

"Za redioni zimekatwakatwa. Hii ndiyo nzima, ya siku ile aliyokuja kuimba hapa Mahalla. Mama, yule ni mtu wa miaka sabini na tano, maneno yanampotea. Ataisikiliza hotelini ajikumbushe, basi."

"Kama ni hivyo tumwombe baba yako."

"Baba atakataa."

Hapo ndipo Nabawiya angeweza kusimama. Kitu ambacho mwenyewe akiombwa atakataa, kukichukua kuna jina lake, na jina hilo hata mtoto mdogo analijua. Lakini Rifaat alikuwa na mwaka mzima wa kazi ya majaribio kwa mhandisi Sharnubi, mwenye kampuni ya spika na mataa ya maharusi, na Sharnubi alikuwa amemwambia: lete kanda ya baba yako, nikupe kazi ya kudumu. Upande wa pili, baba yake Shahira, mchumba wa Rifaat, alishatuma salamu kwamba pete haikai kidoleni milele kusubiri fleti. Mama ana moyo mmoja, na siku hiyo moyo ulikuwa kwa mtoto.

"Lakini kwenye tamasha la Alhamisi ataimba mwenyewe?" aliuliza.

Rifaat aliangalia zulia. "Ataimba. Mitambo itamsaidia kidogo tu. Siku hizi wote wanasaidiwa."

Nabawiya hakuuliza hicho kidogo ni kiasi gani. Alijua kwamba akiuliza atajibiwa. Alitumbukiza kanda kwenye mfuko, akaifunika na mikate miwili, akampa mwanawe, na Rifaat akambusu mkono kama siku ya Idi.

*

Ghunaim alikuja Jumatano baada ya swala ya alasiri. Alikuwa mwenzake Tulba tangu kiwandani, wakati mmoja akitengeneza mashine za kufuma na mwingine akizivuruga, kama alivyopenda kusema Tulba. Sasa wote walikuwa wastaafu, na walichobaki nacho ni masikio.

Huko kwao kusikiliza ni kazi. Mwimbaji hutoa, msikilizaji hurudisha. Akikupatia mahali hasa, unamwambia "Allah!" na akizidi kukupatia unamwomba arudie, naye hurudia, na kila akirudia anaupitisha ule mstari njia mpya, mpaka watu wazima wanashikana mabega. Anayekaa kimya mbele ya mwimbaji mzuri ni sawa na mgeni aliyekula, akanawa, akaondoka bila asante. Na mwimbaji anayeombwa kurudia asirudie, basi ama amekasirika ama ni mgonjwa.

"Kesho," alisema Ghunaim akijimiminia chai, "tutaona kama bado una koo. Mtu alipiga kelele mara moja mwaka sabini na saba, na mpaka leo anaitafunia sifa."

"Kelele? Ile ni kelele?" Tulba aliruka. "Ilikuwa 'Allah' ya kutoka huku chini!" Alijipiga tumbo. "Nilikuwa na redio kaseti yangu kutoka Libya hapa magotini, mbele kabisa. Aliposema *si mimi niliyefunga mlango, ni upepo*, nikasahau kama narekodi."

"Ukawika kama jogoo mchanga. *Rudia, Bi Wisal, nakusihi kwa Mtume, rudia!* Na pale kwenye 'Mtume' sauti ikapasuka. Ukumbi mzima ulikucheka."

"Na yeye alicheka. Halafu akarudia. Akarudia mpaka mafundi wa taa wakaacha taa. Nabawiya, nimewahi kusema uongo?"

"Hujawahi," alisema Nabawiya. Hadithi hiyo aliisikia mara ya kwanza siku ya posa yake, na baada ya hapo mara nyingi kuliko khutba za Ijumaa. Wenzake waliolewa na gari au na shamba. Yeye aliolewa na kelele moja ndani ya kanda.

"Hebu iweke tuyaandae masikio," Ghunaim alisema, akanyanyua kidevu kuelekea kabatini.

Tulba alikuwa ameshasimama.

"Mashine inaunguruma," Nabawiya alisema haraka. "Juzi imenitafunia kanda ya Qurani. Itaukata utepe, mtalia hapa wote wawili."

Tulba alisita, mkono ukiwa kwenye kitasa cha kabati. "Inaunguruma tangu lini? Mbona hukuniambia niifungue?"

"Nilisahau. Ngojeni kesho mumsikie mwenyewe. Nani anakula mkate mkavu wakati tanuri linawaka?"

"Umeona?" Tulba alimwambia rafiki yake kwa fahari, akakaa. "Hii ndiyo akili inayoendesha nyumba hii."

Nabawiya alikwenda jikoni akafungua bomba la maji, akayaacha yamwagike bure. Alijiambia ni siku moja tu.

*

Tiketi zilikuwa za safu ya kwanza. Rifaat ndiye aliyezileta, na Tulba alizionyesha mkahawa mzima, maana bei yake, mtu angezinunua mwenyewe, ingelamba zaidi ya nusu ya pensheni. Alivaa suti yake ya kahawia iliyonuka dawa ya nondo. Nabawiya alimfungia tai, naye akasimama akiwa ameinua kidevu, mtiifu kama mtoto anayepelekwa shule.

Mlangoni mwa ukumbi wa klabu, msichana mwenye orodha aliziangalia tiketi, akamwangalia mzee, akaziangalia tena. Safu ya kwanza, alisema, imechukuliwa na wageni wa mkandarasi aliyedhamini tamasha. Kuna viti vizuri nyuma, karibu na nguzo.

"Binti yangu, tiketi inasema safu ya kwanza," alisema Tulba.

"Haji, huko mbele spika zina kelele, utaumwa masikio."

"Masikio yangu?" Tulba alitaka kueleza masikio yake ni ya nani, lakini Ghunaim alimvuta mkono, na watu nyuma yao walikuwa wanasukumana. Wakakaa karibu na nguzo. Ukitaka kuona jukwaa lote ilibidi uinamie bega la jirani.

Kisha Bi Wisal al-Mansi akaingia, na ukumbi mzima ukasimama.

Wawili walimshika mikono mpaka kwenye maiki. Nguo yake ya kijani ilimeta, nywele nyeusi zilikuwa nyingi mno kwa kichwa chake, na chini ya poda uso ulikuwa wa mwanamke yeyote wa umri ule unayemkuta sokoni akichagua bamia. Tulba alifuta macho waziwazi.

"Amezeeka, masikini," alimnong'oneza mkewe. "Hata sisi tumezeeka. Sikiliza, Nabawiya: akikwama tusinyamaze. Tutampigia makofi, tutamsaidia maneno, tutamvusha. Mwimbaji havuki peke yake."

"Tutamvusha," alisema Nabawiya.

Wapiga vinanda walianza. Bi Wisal akanyanyua leso, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya msichana.

Ukumbi ulipiga mayowe. Vijana walinyanyua simu, mama mmoja alipiga kigelegele. "Mashaallah, mashaallah," alisema Ghunaim, akitikisa kichwa, "huyu mwanamke anakula nini?" Tulba naye mwanzoni alikuwa anacheka kwa furaha, ameshikilia kiti cha mbele kwa mikono miwili. Halafu akaacha kucheka. Akaupindisha uso pembeni, sikio likielekea jukwaani, kama alivyokuwa akifanya kiwandani zamani akisikiliza mashine moja kati ya mia ili ajue iliyolegea. Nabawiya aliyajua masikio yale. Akaanza kuomba moyoni wimbo uishe, umeme ukatike, mtu yeyote azirai.

*Si mimi niliyefunga mlango,* spika ziliimba, *ni upepo.*

Na kutoka katika spika hizo hizo, kubwa na karibu, kama mtu aliyekaa mapajani mwa kila mmoja, ikatoka sauti ya kijana: "Allah! Rudia, Bi Wisal, nakusihi kwa Mtume, rudia!" Na pale kwenye "Mtume" ikapasuka kama ya jogoo.

Kompyuta za Sharnubi zilikuwa zimefuta makofi, vikohozi na vicheko vya mwaka sabini na saba. Sauti ile hazikuiweza. Ilikuwa karibu mno na redio kaseti.

Watu walicheka, wakapiga makofi, wakageuka kutafuta ni nani huyo mwenye mapafu. Ghunaim alimpiga Tulba goti. "Ama wewe! Sauti haijabadilika hata chembe! Nilisema huna koo, nisamehe, ndugu yangu!"

Nabawiya peke yake, aliyekuwa ameketi bega kwa bega naye, ndiye aliyeona kwamba kinywa cha mumewe hakikuwa kimefunguka.

Tulba alimsikiliza Bi Wisal akirudia mstari, mara ya pili, ya tatu, kila mara kwa njia yake, na Nabawiya aliona midomo ya mumewe inamtangulia, inajua tayari atapanda wapi na atashuka wapi. Wimbo ukasonga mbele. Ukafika mahali pengine, mahali ambapo mwaka ule hakuna aliyeomba kitu. Hapo Tulba alisimama.

"Rudia, Bi Wisal!" aliita. Sauti ilikuwa ya mzee sasa, kavu, lakini ilifika. "Mstari huo, nakusihi, rudia!"

Wimbo ulikwenda mbele.

"Rudia, bibi!" aliita mzee mwingine kutoka upande wa pili, kwa mazoea tu, kwa adabu ya zamani. Na wa tatu: "Rudia, mama!"

Bi Wisal alisikia. Kwa nukta moja kinywa chake kilifungika, mkono wenye leso ukabaki hewani, na sauti yake ikaendelea kuimba bila yeye. Kisha akawahi, akaifukuzia, akaikamata katikati ya neno na kutabasamu.

"Hiyo ni kanda," alisema Tulba. Hakupiga kelele. Aliwaambia waliokuwa karibu, kama mtu anayewaonya majirani kwamba kuna moshi. "Hiyo ni kanda yangu mimi. Aliyeomba mwanzo ni mimi, lakini si leo."

"Mzee, kaa chini, unaniharibia video!" alisema mwanamke wa nyuma.

"Huyu si ndiye aliyepiga kelele sasa hivi? Kaonja sifa, anataka tena!"

"Mpeni dawa zake, jamani, muda umepita!"

Walicheka safu nzima. Hata Ghunaim alicheka kidogo, mcheko wa mtu asiyejua ashike upande gani. Tulba aliwaangalia mmoja mmoja, akafunga kifungo cha koti, akapita mbele ya magoti ya watu akiomba radhi kwa kila goti, akaelekea mlango wa pembeni, ule wa kwenda nyuma ya jukwaa.

*

Magoti ya Nabawiya hayakuwa ya kukimbia. Alipofika kwenye ujia wa nyuma, wimbo ulikuwa umekwisha na wapiga ngoma walikuwa wakiwaburudisha watu. Bi Wisal alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, viatu amevua, miguu imevimba. Tulba alikuwa amesimama mbele yake, kofia mkononi. Rifaat alikuwa ukutani, nyaya zimemzunguka bega, uso hauna damu. Walikuwa katikati ya maneno.

"...kwa hiyo unataka nini, baba?" Bi Wisal aliuliza. Sauti yake ya kweli ilikuwa nzito na yenye mchanga. "Nikuimbie? Sauti iliondoka miaka kumi na tano nyuma, na haikuaga. Hawa hawakulipa kuisikia hii. Wamelipa waje waseme walikuwepo."

"Mimi nilikuja kuisikia hiyo hiyo."

"Hiyo mbovu?"

"Hiyo uliyo nayo. Ungeimba nusu ya mstari ukakohoa, sisi tungemaliza nusu iliyobaki. Tumezeeka nawe, bibi. Nani kakwambia tulikuja kumtazama msichana?"

Bi Wisal alimwangalia kwa muda. Pengine hakuna aliyemwambia hivyo kabla. Lakini alikuwa amechoka, na kuna mtu alikuwa akimwonyesha saa.

"Wewe ungemaliza nusu iliyobaki," alisema akivaa kiatu. "Wengine wangecheka, na kesho kicheko chao kingekuwa kwenye kila simu. Njaa ya uzeeni haina haya, baba. Nisamehe." Akasimama kwa kumshika Rifaat mkono, akarudi kwenye mwanga, na mlango ulipofunguka Nabawiya alisikia makofi kama mvua ya mawe juu ya bati.

Tulba aligeuka, akamwona mkewe. Alimtazama kwa namna ambayo yeye hakuielewa siku hiyo.

"Twende nyumbani, Mama Rifaat," alisema.

Njia nzima hakutamka neno, wala yeye. Mara mbili Tulba alipunguza mwendo kama anayemngoja. Nabawiya alidhani ni kwa ajili ya magoti yake, na akamshukuru moyoni.

*

Rifaat alikuja baadaye na kanda mfukoni. Aliiweka mezani. Baba yake alikuwa ameshalitoa lile kasha tupu na kuliweka hapo.

"Nani alikupa?" Tulba aliuliza.

Rifaat alimtazama mama yake. Nabawiya alikuwa anakunja ncha ya mtandio, akaikunjua, akaikunja tena. Alitafuta neno la kwanza, akaliona mbali sana.

"Niliichukua mwenyewe, baba."

"Wewe mwenyewe."

"Mimi mwenyewe. Nilitaka kazi."

"Ukaiuza sauti yangu wanicheke nayo."

"Sikujua kama watakucheka. Nilidhani utafurahi, baba. Wallahi nilidhani utasikia tu kwamba ni nzuri."

"Kusanya nguo zako."

"Niende wapi?"

"Kwa aliyekununua."

"Baba Rifaat!" Nabawiya alilia. "Ni mwanao! Wa pekee!"

Tulba alimgeukia. "Una neno jingine, Mama Rifaat?"

Alikuwa nalo. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, fupi tu, halina hata pumzi mbili. Lakini aliona miaka yote ile ya kuambiwa yeye ndiye akili ya nyumba, akaona na siku atakazoishi bila kuambiwa hivyo tena, na woga ukamzidi nguvu. Alijiambia mtoto ni damu, damu hurudi. Mume akivunjika moyo uzeeni haungiki.

"Sina," alisema.

Rifaat alibeba begi. Kizingitini alisimama, akamwangalia mama yake tena, bila hasira, kama anayengoja kurudishiwa kitu alichoazimisha. Halafu akateremka ngazi. Nabawiya aliingia jikoni, kwa sababu mikono ilitaka kazi.

*

Video ilienea. Mzee wa Mahalla anayemkatiza Bi Wisal: watu walitumiana, wakaitilia muziki. Muuza mikate alimwona Tulba akakohoa: "Rudia, Fundi, rudia!" Tulba akalipa mikate yake, akasema asante. Mkahawani aliacha kwenda. Ghunaim alikuja mara moja, akanywa chai, akazungumza habari za bei ya nyama, na alipoondoka alisema mlangoni, "Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu. Watoto wa siku hizi!" Tulba akamjibu, "Watoto, eeh," na macho yake yakapita juu ya kichwa cha mkewe.

Rifaat alipiga simu kutoka ghala la spika alikokuwa analala.

"Mama, umeshamwambia?"

"Nangoja apoe, mwanangu."

"Sharnubi kanifukuza. Anasema mtu ambaye baba yake anavuruga tamasha hamfai. Na baba yake Shahira ameiona video."

"Ya Rabi!"

"Mwambie, mama. Nirudi tu nyumbani. Sitaki kingine."

"Ijumaa. Nitamwambia Ijumaa."

Ijumaa ilipita. Rifaat alipopiga tena hakuuliza. Aliuliza hali, akauliza magoti, akasema amepata kazi ya kubeba mizigo bandarini Dumyat, hatakuwa karibu. Sauti yake ilikuwa na adabu kamili, ile mtu anayoitumia kwa shangazi wa mbali. Hapo ndipo Nabawiya alipoogopa kitu kikubwa kuliko mumewe.

Alimwambia siku hiyo hiyo. Ilikuwa baada ya swala, na Tulba alikuwa amekaa dirishani na sahani ya maharage ambayo hakuigusa. Nabawiya hakukaa. Alisimama mbele yake, mikono imeshikana.

"Baba Rifaat. Kanda niliitoa mimi. Mtoto hakuichukua. Mimi nilifungua kabati, nikaitia kwenye mfuko wa mikate, na mashine haikuwa inaunguruma. Mtoto amenibebea."

Alingoja kelele. Alitamani kelele.

"Najua," alisema Tulba.

"Unajua nini?"

"Yote. Bi Wisal aliniambia kule nyuma, kabla hujafika. Nilimwuliza kanda yangu kaipataje. Akasema, 'Mshukuru mkeo, niliambiwa ndiye aliyeitoa kwa roho safi.'"

Nabawiya alishika ukingo wa meza. "Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Na ukamfukuza mtoto unajua hana kosa?"

"Kosa analo, na lake ningelimsamehe kabla ya asubuhi." Tulba alisogeza sahani. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Njia nzima nilikwenda polepole ili useme. Hukusema. Tukafika. Nikasema moyoni, nikimwambia mtoto akusanye nguo, mama mtu atasema. Nikakuuliza kabisa kama una neno. Nilimfukuza ili useme, Nabawiya."

"Na alipotoka? Mbona hukumwita?"

"Nilikuwa nakungoja wewe umwite. Nilisikiliza anavyoshuka. Ngazi zetu ni ndefu, na mtoto alikuwa anashuka polepole, naye alikuwa anakungoja. Akafika chini, akasimama. Mlango wa mtaa ukafunguka. Nikasikia umetoka jikoni, nikasema, Alhamdulillahi, sasa anasema." Akamtazama usoni. "Ukaniuliza kama chai yangu uongeze sukari."